Mchimba Sarafu Asiye na Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni mtu asiye na kazi, na serikali inalitambua hilo kwa muhuri. Raha yake! Nimeamka saa nne. Nimekunywa chai nimekaa, si nimesimama.

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa kibarua wa kupuliza vumbi kwenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni. Ghala zima la mashine, zinanguruma mchana kutwa, na mimi katikati na bomba la upepo. Umeme ukapanda bei, ghala likafungwa. Bosi hakuwa na fedha za mshahara wa mwisho. Akatuambia tuchague: tumsubiri, au kila mtu abebe mashine moja kuukuu. Kairolla, tuliyekuwa naye zamu moja na ambaye sasa tunalala chumba kimoja, akasema yeye atasubiri. Bwege! Mimi nimebeba mashine.

Ukubwa wake kama kreti la soda, kelele kama kinu cha kusaga. Nimeiweka verandani kwa Mama Rimkesh, mwenye nyumba wetu. Kwanza alitaka kunitupa nje mimi na mashine yangu. Kisha akapitisha mkono nyuma ya mashine akahisi joto. Sasa ametandaza kurt zake zote mbele ya feni, vile vidonge vya maziwa ya mgando anavyouza sokoni. Zinakauka kwa siku moja badala ya wiki. Umeme atalipa yeye. Nani mwerevu katika mji huu wa Ekibastuz?

Majirani wamekuja kuiona. Nimeifunika blanketi, kwa sababu kwetu kitu kipya hakitazamwi bure. Anayekiona hutoa zawadi, baigazi. Nimeshapata soksi, nusu pakiti ya chai na sabuni. Kairolla amekataa kutoa. Anasema ameitazama mashine hiyo miaka miwili akilipwa.

Kunsulu amepiga simu kutoka nyumbani, Aral. Mtoto wetu wa mwisho amesimama mwenyewe, ameshika kochi. Akianza kutembea tu, inabidi akatwe tusau, kile kikamba kinachofungwa miguuni, na watu wale karamu. Wakubwa zake wawili walikatwa mimi nikiwa vibaruani, nikaona picha tu. Huyu nitakuwepo, hata nitembee kwa magoti. Posho ya kukosa kazi inaingia tarehe kumi na tano. Hiyo ndiyo nauli na kondoo. Sarafu za mashine zitakuwa za kujidai.

Nimemwambia Kunsulu amkalishe mtoto mpaka nije. Amesema mtoto si gunia.

Jumatano, 5 Machi

Sarafu za kwanza zimeingia! Kipande cha sarafu, kusema kweli. Kipande cha kipande. Lakini zimeingia.

Nilipokuwa nashangilia, Kairolla akaniuliza huku anamenya kitunguu kama nimewahi kusikia mtu asiye na kazi mwenye kiwanda. Nikamwambia ile si kiwanda, ni hita inayotoa faida. Akasema haya, kawaambie hivyo ofisi ya ajira. Wivu! Nimekula supu yake bila kumsemesha.

Lakini neno limeniingia. Kesho nitakwenda ofisi ya kodi kuuliza. Kwa akili, lakini. Nitasema naulizia rafiki yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Afadhali nisingekwenda.

Dirishani alikuwepo binti mpole mno, watu wa aina hiyo ndio wanaokumaliza. Nikamwambia nina rafiki, yuko kwenye posho, ana kimashine. Akanieleza taratibu kama anamlisha mgonjwa. Sarafu ulizochimba ni mapato. Unayataja, unayalipia kodi. Nikauliza kodi yenyewe kiasi gani. Akapiga hesabu, haifiki bei ya sambusa ya nyama. Nikacheka. Nikasema rafiki yangu atafurahi sana.

Hapo ndipo akaniongezea, bado anatabasamu, kwamba mtu mwenye biashara inayomwingizia mapato hawezi kuendelea na posho ya kukosa kazi, na kwamba ofisi yao na ofisi ya ajira zinasoma kompyuta moja.

Basi nimekwama hivi. Nikitaja, napoteza posho. Nisipotaja, mimi ni mkwepa kodi ya sambusa. Mashine inanipa za chai, posho inanipa za nauli, na ya chai inataka kuila ya nauli!

Binti akaniuliza jina la rafiki yangu, amwandikie maelezo. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Kairolla. Hata na mtaa nikataja. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Ofisi zote zimefungwa, moyo umetulia. Nimemnunulia Mama Rimkesh maua matatu ya tulipu na kumwomba, kwa lugha ya asali, akubali mashine iandikwe kwa jina lake. Amezipokea tulipu. Amezitia kwenye chupa. Kisha akaniuliza kama namwona mjinga, yeye apekuliwe pensheni yake uzeeni kwa ajili ya birika langu lenye kelele. Akaongeza kwamba tulipu zimenyauka.

Bosi amemlipa Kairolla mshahara wake wote. Taslimu! Ameninunulia soda. Nimeinywa kwa uchungu.

Kunsulu anasema mtoto ameachia kochi, amepiga hatua mbili, amekaa. Nikamshauri amvalishe viatu vizito. Amekata simu.

Jumanne, 11 Machi

Ole wangu. Niandike kabla sijapata muda wa kujitetea.

Asubuhi amekuja mwanamke wa ofisi ya ajira, Bi Zhanil. Kofia ya manyoya, mkoba, sauti ya mwalimu mkuu. Hakunitaka mimi. Alimtaka Kairolla, kwamba kuna taarifa ana mashine ya sarafu. Kairolla akatoa macho. Akaapa kwa mkate uliokuwa mezani. Akafungua begi lake, akafungua hata kopo la sukari. Bi Zhanil akaridhika. Akauliza tu kelele ile ya verandani ni ya nini. Mama Rimkesh, Mungu ampe maisha marefu, akasema ni friji lake, limezeeka kama yeye.

Nilikuwa nimepona! Bi Zhanil ameshavaa glavu moja. Akapita verandani, akaona blanketi. Akanigeukia, mpole kama dada yangu. Akasema hee kaka, naona una kitu kipya hapo, kiwe cha heri na baraka! Akanitia noti mkononi.

Mkono wangu ukajifumba. Akili ilijua huyu ni nani, ila mkono ulikulia Aral. Ukishapokea baigazi, lazima uonyeshe. Hakuna namna. Hata mwizi angeonyesha. Nikalivuta blanketi kwa madaha, kurt zikamwagika, na mbaya zaidi nikaanza kumsimulia. Feni mbili, nikasema. Inachimba usiku na mchana, nikasema.

Kairolla akanitazama mimi, akaitazama mashine, akaelewa taarifa ilitoka wapi. Akasema, "Ahsante sana, rafiki yangu." Neno hilo rafiki alilivuta mpaka nikaona aibu masikioni.

Lakini Bi Zhanil hakuwa mbaya. Hili niliandike kwa haki. Akaniambia nichague. Niizime sasa hivi, nitaje vile vijisarafu vya siku chache, nilipie kodi yake, na yeye ataandika kwamba biashara imefungwa na posho yangu itaingia tarehe kumi na tano kama kawaida. Au niendelee kuchimba, basi mimi ni mfanyabiashara, anafunga faili.

Kairolla akafoka, "Zima, we mwehu! Mtoto anatembea huko!" Mama Rimkesh akafoka nisizime, kurt bado mbichi. Mimi nikaomba dakika moja nitazame simu.

Bei ya sarafu ilikuwa imepanda tangu asubuhi. Imepanda! Kijani tupu, mstari umesimama wima kama mnara. Nikapiga hesabu kichwani. Ikipanda hivi mpaka Ijumaa, nakwenda Aral kwa ndege. Ikipanda mpaka mwisho wa mwezi, nainunua ndege.

Nikajiweka sawa, nikamwambia Bi Zhanil kwamba mbele yake amesimama mfanyabiashara.

Akauliza kama nina uhakika. Nikasema sana. Nikatia sahihi. Kairolla akaenda kulala mchana, na hajawahi kulala mchana.

Alhamisi, 13 Machi

Imeshuka.

Imeshuka mpaka chini ya pale ilipokuwa kabla haijapanda. Nimeuza zote. Nimepata za kulipia kodi, mkate, na kadi ya simu. Kodi nimelipa. Yule binti wa dirishani akanipongeza, akauliza hali ya rafiki yangu. Nimesema amekasirika.

Kadi ya simu nimeitumia kumwambia Kunsulu ukweli. Akacheka mpaka akakohoa, halafu nikasikia si kicheko tena. Akasema wasichana wa jirani wanapokezana kumbeba mtoto ili miguu yake isiguse sakafu, na mtoto analia anataka kushuka. Akauliza awaambie wambebe mpaka lini.

Nimekaa verandani kwenye joto la mashine. Hata hilo joto si langu, umeme ni wa Mama Rimkesh.

Jumapili, 16 Machi

Mama Rimkesh ameinunua mashine!

Hataki sarafu. Amemwambia fundi azikate nyaya za mtandao, anataka feni na joto tu. Wachuuzi wenzake sokoni wameshaanza kumwomba awakaushie kurt zao kwa malipo. Nimemweleza kwamba bila mtandao anapoteza fursa kubwa. Amesema angetaka kunyang'anywa pensheni angeniuliza mimi.

Fedha zake zimetosha tiketi ya treni, behewa la mwisho, kitanda cha juu karibu na choo. Kondoo amelipiwa na Kairolla. Nimemuuliza nitamrudishia lini. Akasema si mkopo, ananunua wiki mbili za kutosikia sauti yangu, na kwamba ni bei rahisi. Akanikumbatia kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mbavu bado zinauma.

Ijumaa, 21 Machi

Aral. Sikukuu ya Nauryz, mwaka mpya wetu, na tusau siku moja, karamu moja kwa mbili. Wazo la Kunsulu.

Nimewahi! Nimefika juzi, mtoto yuko mgongoni kwa binti wa jirani, kavimba kwa hasira. Aliponiona hakunijua. Akanitazama kama Bi Zhanil anavyotazama friji.

Ukazuka ubishi nani akate kamba, maana mtoto hurithi mwendo wa aliyeikata. Mimi nilijitolea. Mama mkwe akasema yeyote chini ya jua ila si huyo. Wazee wote wakaitikia haraka mno. Akachaguliwa Sholpan, mhasibu wa kiwanda cha samaki, mwanamke ambaye hajawahi kupoteza hata risiti.

Kamba ikakatwa. Mtoto akasimama. Akayumba. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akapita bibi yake, akapita peremende zote walizomwonyesha, akaja kunishika suruali. Mimi! Nimelia mbele za watu na sijali.

Wageni wakamtunza noti, wakazichomeka kwenye kofia yake, shingoni, mpaka ndani ya soksi. Jioni Kunsulu alipokuwa anaosha sahani, mtoto amelala kifuani pangu ananguruma kidogo, mimi nikafikiri. Nimefikiri kwa makini sana.

Huyu mtoto hana kazi. Lakini pia hapokei posho ya kukosa kazi, kwa hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Hana pensheni. Kwenye kompyuta ya ofisi ya ajira hayumo kabisa. Na ana mtaji. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Kule kituoni kuna jamaa anauza mashine mbili, karibu mpya. Nimeshazitoa noti za kwenye soksi. Za kofiani nitazitoa Kunsulu akilala.