Maonyo ya Chupa ni Vitisho Tu

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Amestaafu, amechoka kukaa peke yake, na atachagua ahamie kwa binti yupi: mke wangu au dada yake. Mke wangu anamtaka mama yake hadi anaota. Kikwazo ni mwanyumba wangu, mume wa huyo dada. Mtunza stoo wa hospitali, na nyumbani kwake sakafu inang'aa kupita sura yangu. Haya, tutaonana!

Sinunui kitu. Nimekusanya mabaki yote ya dawa za usafi kabatini. Kila chupa ina onyo. Vaa glavu. Fungua madirisha. Usichanganye. Ujanja mtupu! Wanajua tukichanganya tutapata dawa kali zaidi, tusinunue tena. Nimebandua lebo zote.

Jumanne, 7 Mei
Siki na magadi kwenye sinki. Povu hilo! Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Alipofika povu limekwisha, uchafu upo palepale. Akauliza kwa nini nimeshika mswaki wake.

Mwanyumba kapiga simu. Eti dawa ya choo na ile ya kung'arisha nguo nyeupe zikikutana hutoa hewa ya sumu. Nikamshukuru kwa adabu zote. Kijicho tu.

Alhamisi, 9 Mei
Nimezikutanisha.

Nilitoka chooni nikitambaa, machozi na makamasi. Jirani wa chini, muuguzi, akaniburuta hadi uani, akanipeleka zahanati. Njia nzima aliniuliza kama kwetu hatukufundishwa kusoma. Nimeruhusiwa jioni. Mke wangu alilia, kisha akaninunia. Akilia naumia, sisemi uongo. Lakini dawa dhaifu ingenitambaza vile? Ushahidi huo!

Jumamosi, 11 Mei
Asubuhi nikapuliza kiti cha mgeni maji ya sabuni. Nilidhani ni ya sabuni. Bila lebo, chupa zote mapacha.

Mama mkwe akaketi na gauni lake jipya la zambarau. Alipoinuka, huko nyuma (Mungu anisamehe kumtazama mkwe wangu) palikuwa na mabaka mawili meupe, ya mviringo kabisa. Mwanyumba alicheka hadi chai ikamtokea puani. Mke wangu akakimbilia chumbani. Nikajua nimemkosesha mama yake. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke.

Jioni mama mkwe akatoa uamuzi. Anahamia kwetu! Kasema binti yake mkubwa ana mume anayejiweza, ila huyu mdogo hawezi kumwacha peke yake na mtu kama mimi, asije akaitwa mazikoni. Mke wangu karukaruka kwa furaha. Nami pia. Nimembwaga mwanyumba, tena kwa mabaki!

Jumapili, 12 Mei
Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mama mkwe kafungia dawa zote kabatini na funguo anatembea nazo. Nilivuta kishikio kidogo tu, kikang'oka. Nikawahi kukirudisha kwa gundi kali kabla hajatoka kuoga. Imeandikwa isiguse ngozi. Nikasema hayo ni mambo ya watu laini.

Sasa mimi na kabati ni mwili mmoja. Mama mkwe kampigia simu mwanyumba, naye yuko njiani. Ameagiza nisivute, nitachunika.

Watu hawa kwa kutia chumvi! Nikiweka nukta hapa, navuta.