Mvua Iliyonyesha Sebuleni Tu

Jamani, leo nimeaibika mpaka uso huu sijui niuweke wapi. Naandika nikiwa jikoni, juu ya jerikeni, kwa sababu sebuleni siwezi kukaa. Someni polepole.

Kwanza muijue hiyo sebule. Aliyeijenga (Mungu amsamehe) alianza na chumba kimoja, akaongeza kingine ubavuni, kisha akabomoa ukuta wa katikati na kuacha nguzo. Kwa hivyo ina umbo la buti. Ina milango mitatu, dirisha moja kubwa linalotazamana na TV, friji kwenye kona kwa sababu jikoni haitoshei, na juu hakuna dari. Kuna kitambaa cheupe tu kilichotandazwa chini ya mabati ili joto la Isiolo lisitupike. Mtu mwenye akili angeweka makochi hapo na kushukuru. Mimi niliweka spika saba.

Si za kupiga kelele, hapana. Ni zile za kukuzunguka. Tatu mbele, mbili ubavuni, mbili juu, ili gari la kwenye sinema ulisikie likipita nyuma ya kisogo na ndege uisikie juu ya utosi. Mchoro wa kwenye boksi ulionyesha chumba cha mraba, kochi katikati, na mtu aliyetulia. Haukuwa na nguzo wala friji. Nilihangaika mwezi mzima. Spika ya kushoto niliishia kuiweka juu ya friji, na friji ikitetemeka, nayo inatetemeka. Ya kulia ilikosa mahali kabisa. Upande huo una ukuta mmoja tu mzima, na kwenye ukuta huo mke wangu Talaso alikuwa ametundika gorfa zake.

Kwa asiyejua, gorfa ni vyombo vya maziwa vya Kiborana, vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi. Mama humpa binti yake anapoolewa. Talaso alipewa nne. Mama yake alizisuka kwa mkono wake mwenyewe, na sasa macho yake hayaiwezi tena kazi hiyo. Yote hayo niliyajua. Lakini mchoro ulitaka spika iwe pale pale penye misumari, na pembeni pasiwe na kitu cha kuzuia sauti. (Nilipima kwa tepu. Mara mbili!) Talaso akiwa sokoni, nikazitia gorfa kwenye gunia, gunia likaenda stoo, spika ikapanda ukutani.

Alipokuja kulifungua lile gunia, mchwa walikuwa wamekula gorfa moja mpaka shingoni. Hakunigombeza. Alikaa nayo mapajani kitambo, kisha akafunga nguo zake na kwenda Garbatulla kwa baba yake mdogo, Mzee Jarso. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Siku zote hizo nimekula chai na mkate, na kwa kuwa leo sina tena heshima ya kulinda, niseme tu kwamba nimelia, na si mara moja.

Wazee wakaingilia kati. Jirani yangu Mzee Adan, aliyenishika mkono baba yangu alipofariki, alisafiri mpaka Garbatulla kuniombea. Akarudi na masharti mawili. Gorfa tatu zilizobaki zirudi ukutani. Spika zitoke nyumbani, hata moja isibaki. Nikitimiza, leo baada ya adhuhuri Mzee Jarso angekuja na mama mkwe na Talaso, aone kwa macho yake, anikabidhi mke wangu na mambo yaishe. Mzee Adan alinidhamini kwa jina lake.

Nilitimiza. Karibu yote.

Spika tano zilitoka, wallahi hizo zilitoka, ziko kwa rafiki yangu. Gorfa nikazifuta vumbi taratibu na kuzirudisha kwenye misumari. Zikabaki zile mbili za juu. Nilikuwa nimezifunga kwenye mbao za paa, juu ya kitambaa, hata ukilala chali huzioni. Kuzitoa ni kupasua kitambaa. Nikajiambia nitazitoa baada ya suluhu, pole pole. (Uongo. Nilizipenda.)

Asubuhi, badala ya kupika, nikaona niziage. Amplifaya, ile mashine inayoziendesha, ilikuwa imefichwa kabatini. Nikachomeka flashi yenye ile rekodi ya kujaribia spika za juu. Wenye mitambo hii mnaijua, huwa ni mvua. Inaanza na tone moja moja juu ya kichwa chako, halafu inashuka yenyewe, halafu radi. Niliiweka iwe inajirudia. Kabla hata haijakolea, stima ikapotea mtaa mzima. Nikafunga kabati, nikatandika kitambaa cha maua juu yake, nikakimbilia nyama buchari. Mashine yangu ina tabia moja: stima ikirudi, inaendelea pale ilipoishia. Hilo nalo nililijua. Lilinitoka tu.

Wageni wakafika. Salaam aleikum, waleikum salaam, karibuni. Mawingu yalikuwapo, yale yetu ya kupita tu. Misimu miwili mvua imetuacha, na mazungumzo ya kwanza yalikuwa hayo hayo. Ng'ombe wa Mzee Jarso wako Korbesa na mwanawe, wamekonda, na leo kijana alikuwa ameshafungasha ili awahamishe mbali wakatafute majani. Mzee alikuwa na wasiwasi kwamba wengine wataanguka njiani. Alilisema hilo mara mbili kabla hata ya chai.

Talaso na mama yake wakakaa upande wa kisigino cha buti, nyuma ya pazia. Mimi mkwe, macho chini. Mzee Jarso nikampa mahali pa heshima, mbali na mlango, dirisha likiwa limefungwa kwa pazia zito ili jua lisimpige. Ni mahali pale pale nilipopima kwa tepu, katikati ya spika mbili za juu. (Siongezi chumvi. Hapo ndipo penye kochi zuri.)

Alipomaliza chai akasimama, akaenda ukutani, akazigusa gorfa moja moja. Kisha akaketi na kunitazama.

"Vyombo nimeona. Sasa ile maspika iliisha yote?"

"Iliisha, abba."

"Hata moja haiko?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema kwamba ziko mbili, abba, nipe ngazi. Nikafungua mdomo na kikatoka kitu kingine.

"Wallahi, hata moja."

Mzee Adan akaongeza kwamba yeye mwenyewe alishuhudia zikipakiwa. Mzee Jarso akageukia pazia na kumuuliza Talaso kama amesikia. Halafu nikaisikia sauti yake, ya kwanza baada ya siku ishirini na tatu.

"Nimesikia. Nitabaki."

Mzee Jarso akainua mikono kuomba dua, nasi sote tukainua. Ndipo friji ikatetemeka kwenye kona.

Mchana taa hazijawashwa, kwa hivyo hakuna aliyejua stima imerudi. Mimi nilijua. Mikono iko juu, mzee anaomba, na hakuna mkwe anayesimama katikati ya dua ya mzee. Nikajaribu kukumbuka kama nilizima. Tone la kwanza likanijibu, tok, juu ya kichwa cha Mzee Jarso.

Tone la pili. La tatu. Kisha ikashuka.

Mzee akakatiza dua. Akainua uso kukitazama kitambaa. Nimemjua miaka sita na sijawahi kumwona akicheka na meno. Leo niliyaona. Machozi yakamtoka pale pale, akabadilisha dua ikawa shukrani, kwamba Mola ameipokea suluhu hii na mguu wa Talaso umerudi nyumbani na baraka. Wote wakaitikia amin. Nami nikaitikia amin, kwa mvua niliyoinunua pamoja na spika.

Bado hamjasikia kitu. Alitoa simu mfukoni na kumpigia mwanawe Korbesa, kwa sauti ile ya watu wanaoishi mahali penye mtandao hafifu. Akamwambia washushe mizigo, wasihame, mvua imefika Isiolo na ni kubwa. Nyuma ya pazia nikasikia makarai yakigongana na mlango wa jikoni ukifunguliwa. Nikainuka kuelekea kabatini. Mzee akanidaka mkono.

"Kaa. Wacha tusikie."

Nikakaa. Tukaisikiliza flashi yangu, mkono wangu ndani ya mkono wake. Radi ikalia.

"Hiyo ni ya upande wa Merti," akasema.

(Ilikuwa ya spika ya juu, upande wa kulia.)

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Hata mimi najiuliza. Nadhani nilikuwa naomba inyeshe kweli. Nilikuwa naomba kwa moyo wote, kuliko mtu yeyote mwenye ng'ombe, kwamba mawingu yale yafanye kazi yao kabla ya mtu kutoka nje.

Mama mkwe ndiye aliyetoka. Akamwita shemeji yake kutoka uani, kwa sauti ya chini, aje aone. Mzee Jarso akatoka, Mzee Adan akafuata, na mimi nikaburuta miguu nyuma yao. Jua lilikuwa kali. Makarai matatu yalikuwa yamepangwa chini ya mabati, makavu, na mama mkwe amesimama kando yake. Mzee Jarso akanyoosha kiganja na kukiacha hewani. Nyuma yetu, ndani ya nyumba, mvua ilikuwa inamwagika.

Majirani wawili walikuwa wanatutazama juu ya ua. Mzee akayatazama mabati, akautazama mlango, akanitazama mimi. Kisha mvua ikakatika ghafla, na Talaso akatokea mlangoni na ile flashi mkononi. Yeye hakuhitaji kutafuta. Aliisikia mvua hiyo mwezi mzima akipika.

Ningependa kuwaambia mzee alinipiga bakora. Ningeshukuru. Alipiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Mara ya tatu kijana akapokea, na mzee akageukia ua, akatugeuzia mgongo, akamwambia hakuna mvua, ni yeye amekosea, fungasheni tena. Hakunitaja. Mzee wa miaka ile alisema "nimekosea" kwa kosa langu, na sauti yake ilikuwa imepungua. Kule Korbesa wanyama wa mizigo walikuwa wameshafunguliwa na watu walikuwa wameanza kusherehekea.

Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Kuapa ni yako na Mungu," akasema. "Lakini mimi umenifanya mwongo kwa watu wanangoja mvua."

Mzee Adan alivaa viatu akaondoka bila kuniaga. Jina alilonidhamini nalo analo bado, lakini nadhani limechakaa.

Nikafanya jambo la mwisho la kijinga. Nikakimbia ndani, nikapanda kochi na kukirarua kile kitambaa kwa mikono. Likashuka vumbi la miaka, wakashuka mijusi wawili, na spika moja ikabaki inaning'inia kwa waya usawa wa pua yangu. Nikamwambia Talaso zinatoka sasa hivi, aone, sasa hivi. Yeye alikuwa ukutani akizitungua gorfa. Moja, mbili, tatu. Akazifunga kwenye leso.

"Wacha tu, usivunje nyumba," akasema. "Sasa ukuta yote ni yako."

Gari lao likaondoka kabla ya alasiri. Nyama iko sufuriani, haijaguswa. Nimezitoa spika zote mbili, na mtaniambia nilipaswa kufanya hivyo asubuhi. Najua. Najua sana.

Tatizo ni kwamba habari mbaya hukawia njiani, lakini ya mvua ina mbawa. Mzee alimrekebisha mwanawe, lakini mwanawe alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba imenyesha nyumbani kwangu, nao wenzao. Tangu alasiri simu yangu haijapoa. Watu wa Korbesa, watu wa Garbatulla, hata mmoja wa Rapsu ambaye simjui, wote wanataka kujua Isiolo imenyesha kiasi gani. Nawaambia haikunyesha, wanadhani nawaficha.

Wa mwisho hakuuliza kiasi. Amesema kwa baraka kama hii, bila shaka mke wangu amerudi, akanipa hongera, akakata. Kwa hivyo nawaomba msicheke, na kama lazima mcheke, basi msinipigie.