Nana Birago Hajambo, Anawasalimu

Jumatatu, 2 Juni

Siri kubwa. Naiandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Bibi yangu, Nana Birago, alifariki juzi alfajiri. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeushika mguu wake wa kushoto maana ulikuwa baridi. Basi.

Mjomba Asubonteng, mkuu wa ukoo wetu, katuita sote chumbani. Kafunga mlango, kafunga na dirisha. Kasema mwili ushafika mochwari, neno lisitoke. Wazee hawajakaa, kinywaji hakijamiminwa chini kwa wahenga, na kaka yake Nana aliyeko Hamburg hajaambiwa kwa heshima. Mpaka Jumapili, mtu akiuliza, Nana hajambo, kapumzika. Kila kitu kiende kama kawaida. Atakayebwabwaja atamjua Mjomba ni nani. Tunamjua. Ana viganja kama sinia.

Sasa shida ni kwamba mimi ni mtu maarufu. Nina podikasti, inaitwa Jikoni kwa Nana. Kila Jumatano wasikilizaji 612 (mmoja yuko Kanada, simjui, nampenda) wanaleta matatizo yao. Mimi nayasoma, Nana anayatatua huku anakoroga uji. Akili ni mimi. Yeye alikuwa sauti.

Nikamkumbuka Mjomba: kama kawaida. Na kawaida ya Jumatano ni nini? Ni kipindi! Kitatoka basi. Amri ya mkuu wa ukoo haivunjwi.

Halafu kuna filamu. Mwaka huu nimeigiza maiti mara mbili na mwizi anayekimbia mara moja, mgongo tu. Lakini kesho, mjumbe wa ikulu! Kutamka! Sentensi tatu! Bismark, yule mwenye meno, aliitaka nafasi hiyo akaikosa. Kanipongeza kwa mkono mlegevu kama samaki.

Jumanne, 3 Juni

Mji wa Ejisu, kwenye kupiga picha za filamu. Nimevikwa kitambaa begani, nimepewa fimbo iliyopakwa rangi ya dhahabu. Nimependeza vibaya. Nimejitazama kwenye kioo cha gari la Dairekta Oteng mpaka mwenyewe kapiga honi.

Kazi yenyewe rahisi. Naingia, napiga goti mbele ya mfalme, nasema: Nimefika. Natoka kwa Mama Malkia. Mti mkubwa umeanguka. Maana yake Mama Malkia kafa. Hapo ikulu yote inapiga mayowe, nami natoka. Mtoto mdogo angeweza.

Sentensi ya kwanza, radi. Ya pili, radi na mvua. Ya tatu nikasema mti mkubwa unaendelea vizuri.

Mfalme kacheka mpaka taji likamwangukia puani. Dairekta kauliza unaendelea vizuri tangu lini. Nikamweleza kisanii: watu wamechoka na vifo, bibi akipona tunapata sehemu ya pili. Kasema nirudie. Nikasema mti mkubwa umeinama kidogo. Kasema nirudie. Nikasema mti mkubwa amekula, amelala.

Dairekta kasema amewahi kuongoza mbuzi waliokuwa wasikivu kuliko mimi. Tukio limeahirishwa hadi Jumamosi. Nafasi ya mwisho. Bismark alikuwa nyuma ya kamera, midomo inamchezacheza. Maneno yangu yote anayo!

Ni koo tu. Vumbi la Ejisu.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo wenye shahada hawaliwezi. Mimi wa kidato cha pili na robo.

Nimechukua vipindi vyote vya zamani, arobaini na moja, nikakata majibu ya Nana kipande kipande. Kisha maswali ya wiki hii nikayasoma mimi, na chini yake nikabandika jibu la zamani linaloelekea kufaa. Sauti ya mwiko ndani, ya kuku ndani. Huwezi kujua kuna aliyekufa.

Mama mmoja wa Bekwai anauliza, mama mkwe kahamia kwake, afanye nini. Jibu la Nana: mfunge kamba ndefu, mwache ale majani ya upande ule, hatakusumbua. (Ilikuwa kuhusu mbuzi. Lakini sikiliza vizuri, ina hekima.) Kijana anauliza kama amwache mchumba. Nana: mwagia maji ya moto, kisha funika. (Unga.) Mwanafunzi anaogopa mtihani. Nana: wewe kichwa kibuyu, nenda kalale. Hiyo nilikuwa nimeambiwa mimi. Inafaa kwa yeyote.

Nilihitaji mwisho mzuri. Nikapata mahali fulani, kabla ya Pasaka, Nana anacheka. Kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi, anapiga paja, anaanza tena. Nikakichukua chote mpaka mwisho wa faili, sikusikiliza hata maneno yaliyofuata. Nilikirudia mara ishirini hivi. Kukagua ubora wa sauti.

Macho yaliwasha. Moshi wa jikoni. Jiko halijawashwa tangu Ijumaa, lakini moshi hukaa.

Nimemaliza kwa kusema Nana Birago hajambo, anawasalimu. Nimetuma saa kumi jioni. Nimekula mkate mkavu, uji sijui kuupika.

Alhamisi, 5 Juni

Wasikilizaji elfu mbili! Elfu mbili na kumi na saba! Tangu tuanze hatujapata hata nusu!

Mama wa Bekwai kaandika. Hakumfunga mtu kamba. Kaielewa kama fumbo, kampa mama mkwe kile kishamba cha nyuma ya nyumba alime anachotaka. Mkwe kashinda huko tangu asubuhi anaimba. Amani nyumbani. Kasema mdomo wa Nana usikauke kamwe.

Niliisoma mara moja tu hiyo. Nikafunga simu.

Binamu yangu Adwoa kanikuta uani, kipindi kiko sikioni mwake, sura kama pilipili. Kasema yaani wewe, Yaw, masikio sahani, umemfufua bibi wa watu aje kushauri watu wafungane kamba? Huna haya? Mjomba akisikia atakutwanga mpaka uwe laini kama ugali wa fufu. Nikamwambia ni kawaida, ni amri. Kasema kawaida ya kichwa chako.

Kisha kauliza kile kicheko nimekitoa wapi. Nikampa kisikilizio kimoja, kingine nikaweka mimi. Tulikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, tukasikiliza mara nne. Mara ya tano Adwoa kasema mimi bado ni mjinga, kaondoka na kisikilizio changu.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa!

Saa tatu asubuhi, hodi. Mama Akyaa, muuza samaki wa kukaushwa, shoga yake Nana tangu wakiwa wasichana. Kaja na ndizi na samaki wawili wakubwa. Kasema ameitikia mwito. Mwito gani? Kasema si kwenye kipindi, mwishoni, baada ya kucheka? Nana kasema: basi njooni Ijumaa nyumbani, nyote, tuonane!

Yale maneno ya mwisho wa faili. Niliyoyaacha bila kusikiliza. Ijumaa ile ilikuwa ya Pasaka!

Saa nne walikuwa wanne. Saa tano walikuwa kumi na tisa. Mmoja katoka Mampong na mtoto mgongoni. Uani pamejaa. Nikasema Nana anaoga. Wakasubiri. Baada ya saa nzima mwanamke mwenye kanga ya manjano kauliza anaoga mtu au unaoshwa mji. Nikasema anapaka mafuta. Kasema kwani ni gari?

Hapo Mjomba katoka chumbani, kitambaa kimefungwa vibaya, kaona umati. Kaniangalia. Mimi nikaangalia kuku. Kawaambia wageni Nana kalala, kifua kimembana, wamwie radhi. Wakasema pole, basi tumwimbie apate nafuu. Wakaimba! Wimbo wa kanisani, sauti tatu, kuelekea dirisha la chumba ambacho hakuna mtu. Mjomba kasimama kama nguzo.

Mama Akyaa peke yake hakuimba. Alikuwa anaangalia. Kaangalia jiko, majivu meupe, baridi. Kaangalia kinu, kichwa chini. Kamwangalia Mjomba. Kisha kaniangalia mimi, muda mrefu, nami nikajaribu kufanya uso wa mtu ambaye bibi yake anapaka mafuta. Mimi ni mwigizaji. Nimeshindwa.

Kasimama. Kaweka samaki wake taratibu karibu na mlango. Kasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Mwenye nyumba kachoka. Twendeni zetu." Wenye kuimba wakakatiza katikati ya ubeti. Alipofika kwangu kanishika shavu kwa vidole vinavyonuka samaki, kasema chini kwa chini: "Akiamka, mwambie Akyaa alikuja."

Neno lenyewe, kafa, hakulitamka. Anajua desturi kuliko sisi.

Nilingojea kofi. Uani pametulia, Mjomba kasogea, nikafumba macho. Hakuna kitu. Nilipofumbua alikuwa amekaa juu ya kinu, samaki mikononi, hajui awaweke wapi. Kasema kipindi kile amekisikiliza jana, mwenyewe, garini, milango imefungwa. Mara mbili. Kasema: "Jumapili wazee wakishakaa, wewe ndiye utakayewaambia hao watu wako. Kinywa kilichomweka macho ndicho kitakachomlaza."

Ningependelea kofi.

Jumamosi, 7 Juni

Ejisu. Niliamka na mkakati: nitaisema sentensi ile mara mia njiani mpaka ife ganzi. Nimeisema mara tisini na saba. Abiria wawili wamehama viti.

Kamera! Nimefika. Natoka kwa Mama Malkia. Mti mkubwa ume. Mti mkubwa ume. Mti.

Nikakaa chini. Mbele ya mfalme, fimbo ya dhahabu imevingirika mpaka kwa mpishi.

Dairekta hakufoka, hilo ndilo lililoniudhi. Kasema mwanangu, vua kitambaa. Kampa Bismark. Bismark kaingia, kapiga goti, kasema mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala. Mwanamke wa kupaka vipodozi kalia kwelikweli. Meno hayakuonekana hata moja. Namchukia.

Mchana kaja kukaa nami nyuma ya jenereta na kenkey yake, donge la unga wa mahindi, kaigawa katikati, nusu kubwa kwangu. Nikamuuliza katika hali ya kitaaluma, sentensi ile anaisemaje. Kasema mama yake alitangulia mwaka juzi. Kasema mara ya kwanza hata yeye ilimchukua siku tano, tena alikuwa anamwambia mbwa. Kisha kaniuliza kama pilipili imetosha. Sijamwambia siri. Nadhani anayo.

Jioni nimepewa kazi ya kubeba jeneza, nyuma, upande usioonekana. Tupu, lakini nimelibeba vizuri. Dairekta mwenyewe kasema.

Jumapili, 8 Juni

Wazee wamekaa. Kinywaji kimemiminwa. Hamburg imepigiwa, simu kwenye spika, mzee kalia huko, wote wakainamisha vichwa kwa simu. Kisha Mjomba kanitikisia kichwa.

Jikoni. Adwoa kashika simu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili, ina neno "adhimu". Sikuisoma. Mara ya kwanza nikakohoa. Mara ya pili nikasema Nana hajambo, Adwoa kanipiga teke. Mara ya tatu nilisema hivi, nakumbuka yote:

"Mimi ni Yaw. Nana Birago amekufa. Ni Jumamosi ya juma lililopita, alfajiri. Nilikuwa nimemshika mguu. Mliyemsikia Jumatano ni yeye kweli, ila wa zamani. Ile ya kamba alisema kuhusu mbuzi. Nisameheni, mama wa Bekwai. Nilitaka akae kidogo zaidi. Hakuna swali leo."

Adwoa hakuzima. Sekunde arobaini za kuku na sisi wawili tunavuta kamasi zimetoka hewani. Nimeziacha.

Mjomba kanipeleka mbele ya wazee nikaapa, mkono juu, sitawasemesha waliokufa tena. Nikaapa kwa moyo mmoja. Nimebadilika. Wiki hii imenifunza: uongo hauna miguu, mtu akienda aachwe aende. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 9 Juni

Salamu za rambirambi mia tisa. Mama wa Bekwai kasema kamba au si kamba, mama mkwe bado anaimba, na mbuzi naye apewe pole. Mtu wa Kanada kaandika! Ni mwanamke, ni nesi, anasikiliza akitoka kazini. Kauliza swali moja: Jumatano tutamuuliza nani?

Nimetembea nalo swali hilo asubuhi nzima.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho hakipo. Nana Birago alikuwa na pacha! Nana Ataa. Waligombana wakiwa wasichana, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumsikia. Anaishi mbali, kaja kwa ajili ya msiba, ana maneno makali na hekima nyingi, na sauti zao, ajabu, zinafanana. Nimekagua kiapo changu pande zote. Nimeapa kuhusu waliokufa. Ataa hajafa. Hajazaliwa! Kiapo kiko salama.

Sauti nitaifanya mimi. Dairekta hajui anachopoteza. Nimefunga mlango wa jiko, nimejifunga kitambaa kichwani, nimeshika mwiko. Jaribio la kwanza lilitoka kama mbuzi. La sita lilikuwa karibu. La tisa kuku wamegeuka.

Nikasema kwa sauti hiyo, polepole, nikikoroga sufuria tupu: Yaw. Umekula?

Nikajibu: bado, Nana.

Kasema basi kale kwanza. Nimekwenda kula.