Vita vya Alama ya Kutoa

Tegeni masikio, enyi mhesabuo kwa vidole na enyi mhesabuo kwa mashine, msikie habari za Binti Jedwali, simba jike wa chumba namba tisa, aliyeingia vitani kwa rula na penseli isiyochongwa!

Miezi kumi alikuwa akijenga jedwali la namba, arobaini kwa arobaini, nusu yake ya juu ikifanana na ya chini kama uso na sura yake kiooni. Kila jedwali lina milio yake, kama ngoma. Wenye fani huiita spektra. Milio ya hili ikilala yote kwenye mstari mmoja mnyoofu, huenda ukapatikana upenyo wa kuliingia lile swali la namba tasa lililowagaragaza mabingwa wa vizazi. Saa nane angesimama mbele ya idara. Akiboronga, Mwalimu wake angempa mada nyingine.

Saa saba kompyuta ikatema matokeo. Milio miwili ilikuwa nje ya mstari, pale ambapo mabingwa wote waliapa kwamba hautapatikana hata mmoja.

"Dada, umewaangusha mabingwa wote!" akanguruma Kaka Chaki wa meza ya pili. "Kesho hata salamu hutaitikia!"

Moyo wa Binti Jedwali ukatimka kama farasi wa vita. Utukufu huo hapo mlangoni! Lakini jedwali lenye nusu zinazofanana halitoi kamwe mlio wa nje. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua.

"Nipe rula," akasema kwa unyonge.

"Unatafuta kosa lako mwenyewe? Una wazimu wewe!"

Binti Jedwali akainyakua rula. Akajitosa katika jeshi la namba elfu moja na mia sita, safu kwa safu, akikagua kila askari na pacha wake, jasho likimtiririka, chakula kikipoa. Katika safu ya thelathini na moja akamkamata msaliti: namba iliyoachwa bila alama ya kutoa wakati wa kunakili. Akaipachika. Milio yote ikarudi mstarini, kimya, kama kondoo, ila upenyo wenyewe haukufunguka.

Saa nane akaungama kosa lake mbele ya idara.

"Nani aligundua kosa?" Mwalimu akauliza.

"Mimi."

"Kabla ya kujigamba, au baada?"

"Kabla, Mwalimu. Ila nilitamani kidogo."

Mwalimu, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akatabasamu. "Basi endelea na jedwali lako."

Na iandikwe kwa wino usiofutika: siku hiyo, kwa kistari kifupi kuliko punje ya mchele, swali kuu la namba tasa liliokolewa lisijibiwe vibaya, likabaki salama salimini, bila jibu, vilevile lilivyoamka.