Malalamiko Dhidi ya Mitambo Isiyojua Kufiwa

Kwa Mkurugenzi wa Mitambo,
Ofisi Kuu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUZIMWA KWA MITAMBO YOTE KWA SAA MOJA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mitambo yako. Kuhusu mitambo sina haja ya kutumaini. Najua ni mizima, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mimi ni mjane wa fundi wako, yule mliyemwita Mzee Tatu. Kwa miaka kumi na tisa alitunza kompyuta zinazohifadhi picha na ujumbe wa wateja wenu, zile zilizopangwa kwenye kumbi za miji minne na kufanya kazi kana kwamba ni moja. Tulimzika wiki saba zilizopita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu azikwe, huduma yenu haijayumba hata kwa muda wa kupiga chafya. Nimefuatilia. Kila asubuhi kabla ya chai namtumia dada yangu picha ya birika, na picha inafika kabla sijaiweka simu mezani. Siku ya mazishi yenyewe, jeneza likiwa sebuleni, shemeji yangu alikuwa uani anacheka kwa kichekesho kilichomfikia bila kukwama. Hata jirani, ambaye hatusalimiani, alizima redio. Ninyi hamkuzima chochote.

2. Mkuu wa kitengo alisimama makaburini akasema, "Pengo lake halitazibika." Nililia sana kwa neno hilo, na nikaliamini. Jumatatu nikasikia pengo limezibwa na vijana wawili, tena limezibika vizuri. Ndugu Mkurugenzi, ama mkuu wa kitengo alidanganya, ama mitambo haikupewa taarifa. Naomba kujua ni lipi.

3. Mume wangu aliitwa Mzee Tatu kwa sababu ya kanuni yenu kwamba kila kitu kiwekwe nakala tatu, miji tofauti, ili moja ikipotea zibaki mbili. Alikuwa akiniambia, "Mama watoto, kitu kilicho kimoja, hesabu hakipo." Mimi niliwahi kupiga picha kidole changu cha mguu kwa bahati mbaya. Picha hiyo ipo mpaka leo, nakala tatu, inalindwa kwa walinzi na majenereta. Yeye mlikuwa naye mmoja tu, tena mkamkalisha kwenye ukumbi wa baridi. Kwani kanuni ni ya vidole tu?

4. Hili ndilo zito. Mlimzoesha kila Jumatano saa nne asubuhi kuzima kompyuta moja kwa makusudi, bila kumwambia mtu, ili aone kama zilizobaki zitaubeba mzigo. Kwa kompyuta ni mazoezi mazuri. Lakini yeye aliyaleta nyumbani. Siku za mapumziko alikaa kwenye kiti cha uani akatangaza, "Mimi leo nimekufa. Endeleeni." Basi siku hiyo mimi ndiye nibadilishe mtungi wa gesi, nipande juu kukaza bomba la tangi, nitafute hati ya kiwanja kwenye makabrasha. Marehemu wa mazoezi haruhusiwi kusema, kwa hiyo nilipokosea alikohoa. Binti yetu alikuwa akimpigia kelele, "Baba, we! Maiti hakohoi!" Naye anamjibu kwa kukohoa zaidi.

Matokeo yake ni kwamba alipokufa kweli hakuna kilichoanguka. Majirani walikuja kunisaidia wakakosa cha kusaidia, wakanywa chai wakarudi kwao. Gesi ipo, tangi halivuji, hati naijua ilipo. Nimesimama katikati ya nyumba inayofanya kazi, nikatega sikio. Hakuna aliyekohoa.

Kwa hiyo naomba mitambo ianguke. Mwanzoni nilitaka kuomba kompyuta moja, dakika moja, maana sina makuu. Nikakumbuka kuwa ikianguka moja hakuna anayejua, zilizobaki zinaubeba mzigo. Kuzima ukumbi mzima nako ni kazi bure, miji mitatu itabeba. Nimefuata kanuni zenu wenyewe hatua kwa hatua, na nimeona kuwa heshima ya mume wangu haiwezi kupatikana bila kuzima miji yote minne, saa moja kamili, Jumatano saa nne asubuhi. Kila atakayefungua simu akute maneno haya: "Samahani, tumefiwa." Watu watakasirika, najua. Watauliza, "Kulikoni? Nani hayupo?" Swali hilo tu ndilo ninalolitaka. Baada ya hapo washeni, sina kinyongo.

Nisalimie mkuu wa kitengo, mama wa usafi aliyekuwa akimwekea kikombe chake kando, mlinzi wa getini, na wale vijana wawili. Waambie wavae sweta, baridi ya ukumbi ule huingia kifuani taratibu. Salamu pia kwa familia yako.

Nisiye na ugomvi na mtu, ila na mitambo,

Mjane wa Mzee Tatu

Tanbihi: Nimeiwasha simu ya marehemu, iliyozimwa tangu siku ya mazishi, ili nipate cheo chako kamili cha kuandika kwenye bahasha. Umeingia ujumbe mara arobaini na moja, wote kutoka kwenye mitambo: "Kompyuta imeanguka. Fundi wa kwanza, unakuja? Tunakusubiri dakika tano." Kisha: "Hujajibu. Tunamwita fundi wa pili." Kumbe zimekuwa zikianguka wiki zote hizi, wateja hawajui, na kila inapoanguka moja anaitwa yeye kwanza, na anangojwa. Naona mmesahau kuifuta namba yake. Nakuomba usikumbuke. Ombi la kuzima nalifuta lote.

Nikiwa bado nasoma ukaingia mwingine: ukumbi wa pili, kompyuta ya kumi na saba. Chini yake kuna vitufe viwili, "Naja" na "Siwezi". Sikuwa na moyo wa kumjibia kuwa hawezi. Nimebonyeza "Naja", na mitambo imejibu, "Asante, fundi. Hatumwiti mwingine." Kwa hiyo barua hii haiendi posta, naileta mwenyewe sasa hivi. Ukifika hapa katika kusoma, tafadhali mtume fundi wa pili akimbie ukumbini. Aliyeahidi kuja ni mimi niliyesimama mbele yako, na mimi ya kompyuta siyajui.