Sakafu ya Kumlaza Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti

Mama Cherotich amenipa habari akisonga ugali, bila kunitazama. Binti yetu Cherotich anakuja Jumamosi, mara ya kwanza tangu aolewe miaka sita iliyopita. Analeta mume na mtoto. Watalala kwa jirani yetu Noah. Kwa Noah! Sababu ni nzito: mkwe hawezi kulala ndani ya nyumba ya baba mkwe. Lakini gari si nyumba. Ninalo gari la kulala, nililonunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Lina kitanda, jiko na sinki. Limesimama nyuma ya zizi tangu mwaka jana. Mila zetu hazijasema lolote kuhusu magurudumu. Mjukuu wangu atalala hapa Boito, katika boma langu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimelikagua gari. Zulia limeoza. Linanuka mbwa, nami sijawahi kufuga mbwa. Mtoto ana kifua kibaya. Basi zulia litoke, mkeka wa mbao uingie, ule wa plastiki wenye sura ya mbao. Mama Cherotich alinikumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba mkwe wetu Zack Atuti hutandika mikeka hiyohiyo huko Nakuru. Ndiyo kazi yake. Nimpigie simu nimwulize. Nilikataa. Alipokuja kuposa, nilimwambia kijana huyo mbele ya wazee wake kwamba binti yangu hataolewa na mtu anayetafuta riziki kwa magoti. Siwezi leo kumwuliza habari za gundi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepiga magoti tangu alfajiri. Zulia limeshikiliwa na misumari midogo isiyo na idadi. Noah alipita, akauliza ninaabudu nini humo. Nilimjibu kwamba ninafanya ukarabati. Akasema chumba chake cha wageni kina vigae, nisijisumbue. Mwenye vigae hawezi kumaliza siku bila kuvitaja.

Alhamisi, 8 Agosti

Mkeka umefika kutoka Bomet. Umejikunja, hautaki kulala. Muuzaji alisema utandazwe mahali tambarare penye joto, ujinyooshe. Shamba langu lote ni mteremko. Nikatafakari. Ni kitu gani hapa kilicho sawa kuliko vyote? Chai yangu! Tumeichuma kwa kimo kimoja miaka thelathini. Juu yake ni kama meza. Nikautandaza. Jua lilikuwa kali. Nikasinzia kidogo.

Mkeka ulilainika, ukashika umbo la kila kichaka. Majani yaliyokuwa chini yake yameungua. Mama Cherotich alisimama na kikapu kitupu, akaniuliza Jumatatu atachuma nini. Nilimwambia kwamba mabonde ya mkeka yatanyooka kwa uzito wa wageni. Hakuwa ameuliza hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua kutwa. Nimebandika mkeka, madirisha yakiwa yamefungwa. Gundi imekwisha yote. Kichwa kinauma. Kitanda cha kuvuta kimekwama kwenye kilima cha tatu cha mkeka. Hata hivyo, rangi ya mkeka ni nzuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamefika. Mjukuu wangu anaitwa Mellen. Ana miaka mitano na paji la uso kama langu. Aliingia garini wa kwanza, akakohoa, akatoka.

Zack aliitazama sakafu kwa muda mrefu. Hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka. Akasema kwa heshima, "Baba, vifaa vyangu viko kwa gari. Nipe masaa mawili tu."

Cherotich alinitazama. Mama yake alinitazama. Nikasema kwamba sakafu haina kasoro, ni macho ya mjini yaliyozoea saruji. Mtoto akakohoa tena. Kabla ya giza walikwenda kwa Noah.

Jumapili, 11 Agosti

Walipita kuaga baada ya ibada. Cherotich alinishika mkono.

"Baba, tungelala hata kwa mbao tupu. Tulikuwa tunangoja tu utuite."

Nilimjibu kwamba mtu mwenye akili haiti wageni kwenye mbao tupu. Akauachia mkono wangu. Wakaondoka.

Mama Cherotich ameniwekea simu mezani, namba ya binti yetu ikiwa tayari kwenye kioo. Nitapiga, bila shaka. Lakini kwanza mapazia. Yaliyomo garini ni aibu, na siwezi kumwita binti yangu kwenye mapazia ya namna ile. Madirisha nimekwisha kuyapima.