Sinema Yenu Imenifanya Muchawi

Kadutu, Bukavu, tarehe 14 mwezi wa sita 1956

Kwa mon Père Lucien, padri wetu, bwana wa kamera na wa uvumilivu,

Pokeeni heshima zangu, na mujue munaandikiwa na mutu mwenye bahati kupita wote wa hapa Kadutu. Mimi Adalbert, kinyozi, nimefika Usumbura, nimeonja bia ya Stanleyville, na sasa Bibiane, binti wa Muzee Cirhuza wa Nyantende, amekubali kuwa muke wangu. Alisema ndiyo hata sijamaliza kuuliza. Kimebaki kikwazo kidogo tu, na kikwazo hicho, mon Père, ni ninyi.

Mwaka jana mulitafuta mutu wa kucheza muchawi katika filamu yenu ya kufundisha watu waende dispansari. Nikajitoa kwa moyo mweupe. Mulinivika ngozi ya mbuzi iliyokuwa mbele ya kitanda chenu, na kichwani manyoya ya batamzinga wa misheni. Nilipokanyaga siafu nikarukaruka, mukapiga kelele: endelea, Adalbert, hivyo hivyo! Nikaendelea, siafu hawakunipa njia nyingine. Tangu filamu ionyeshwe kwenye shuka jeupe, malalamiko yangu ni haya:

1. Nani atamwachia muchawi nywele zake? Wateja wangu wanakuja na leso. Hata Polycarpe, karani wa posta, mutu wa tai na miwani, aliniambia sisi wastaarabu hatuamini upumbavu wa kijijini, kisha akapiga magoti akaokota nywele zake zote, na za mutu aliyemtangulia pia, kwa usalama. Siku hizi sifagii tena. Hilo silalamikii sana.

2. Maman mumoja alitoka Katana na kuku, anataka ile dawa niliyoitoa kwenye filamu. Nikamwambia, Maman, ule ulikuwa unga wa muhogo, na hospitali iko kwenu kulekule Katana, umeipita mulangoni! Akacheka: wachawi wa kweli ndivyo wanavyosema. Nilimpandisha kamyo mimi mwenyewe, nikamwomba dereva amshushe kwa daktari, si kwingine. Kuku alibaki. Nilimla kwa huzuni.

3. Wazee wameanza kukumbuka. Babu yangu aliuza chumvi na aliogopa giza. Sasa Muzee Marcellin anaapa alimwona akigeuka fisi, mukia na yote, na anaeleza vizuri kiasi kwamba hata mimi ninaanza kuamini. Juzi mvua ya mawe ilipiga maharagwe ya jirani. Nikajikuta ninamwomba radhi.

4. Hapa iko neno zito. Mwalimu Jean-Baptiste aliwaambia wanafunzi wachore zamani zetu. Darasa zima lilinichora mimi! Watoto wanarukaruka uwanjani kama mimi juu ya siafu, na kuiita ngoma ya mababu. Wachimba dhahabu kutoka Mwenga wakaja juu: ngoma ile ni ya sisi Barega, ninyi Bashi mumeiba! Na mimi, mon Père, badala ya kucheka, nikawakunjia ngumi nikisema ni yetu tangu enzi za wafalme. Nilitaka kupigana kwa ajili ya siafu walioniuma mimi mwenyewe. Tukiendelea hivi, siku tutakapoulizwa sisi ni taifa gani, tutajibu: taifa la batamzinga.

5. Muzee Cirhuza amegoma. Anasema hatoi binti kwa muchawi aliyemwona kwa macho yake akimkimbia muganga wa dispansari. Nikamwambia, Papa, ile ni kuigiza tu. Akaniuliza kama mimi nilikuwepo Nyantende siku ya kuonyesha filamu. Kweli sikuwepo. Basi, akasema, mutu ambaye hakuwepo anyamaze. Nikaaga nikarudi Kadutu.

Ombi langu ni dogo. Kwa kuwa watu wanaamini shuka kuliko mutu, sitaki mufute filamu, pigeni nyingine. Muchawi atubu, avae koti (lenu lile la kijivu litanitosha), aoe. Bibi harusi awe Bibiane, kanisa liwe la kweli, padri muwe ninyi, na pete zisiwe za kuigiza. Ikionyeshwa Nyantende, Muzee Cirhuza atakuwa ameona kwa macho yake kwamba binti yake ameolewa, na yeye hakatai macho yake. Ya tatu iwe ya babu yangu akiuza chumvi. Na ya nne ya siafu peke yao, ili Bashi na Barega wajue kwamba siafu wanauma bila kuuliza kabila.

Ninafunga kwa mukono ulioshika wembe safi. Munisalimie Masista wote, mupishi Cyprien, na yule batamzinga aliyebaki. Mumwambie mwenzake ameingia katika historia.

Wenu mutiifu,
Adalbert, kinyozi (kinyozi tu)

P.S. Mukihitaji tena muchawi, musimchukue Cyprien. Hajui ngoma yetu. Mimi nilivaa ile ngozi ili Bibiane anitazame, angalau kwenye shuka. Bahati niliyoiandika pale juu ni uongo. Bibiane mwenyewe alinikataa kabla ya filamu, na hajasema ndiyo hadi leo.